Sindano Kwanza, Vipaza Sauti Baadaye

Katika nyumba nyingi za askari, gramafoni inapotoa sauti mbaya, lawama ya kwanza huangukia vipaza sauti. Mwenye nyumba huamua kwamba vimechoka au ni vidogo mno, akaanza kuweka kando sehemu ya mshahara ili anunue vikubwa zaidi. Vikubwa vikishafika, ile sauti mbaya hutoka kwa nguvu kuliko mwanzo, na majirani wa kambini hupata sehemu yao. Aghalabu kosa halikuwa huko. Sauti ya santuri huharibika mapema, kabla haijaingia katika waya wowote, pale ncha ya sindano inapogusa mfereji. Tena kuna tofauti moja ambayo yafaa kila mwenye santuri aijue: kipaza sauti kibovu huudhi masikio tu, lakini sindano mbovu huila santuri yenyewe, na kilicholiwa hakirudi.

Mfano wake haukuwa mbali. Koplo mmoja aliyehamishiwa Arua alikabidhiwa na mama yake, mjane wa askari anayeishi Koboko, sanduku la santuri za marehemu baba yake. Zilikuwa arobaini na moja: nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45, za rumba ya Kongo na za bendi za Nairobi, chache kubwa za mizunguko 33, na moja nzito ya zamani, ya mizunguko 78. Sanduku hilo lilikuwa limevuka mpaka mara mbili. Mwaka 1979 na miaka iliyofuata, familia nyingi za West Nile zilipokimbilia Sudan na Zaire, mama huyo aliondoka na watoto, sufuria na sanduku. Alirudi na watoto na sanduku. Sufuria zilibaki njiani.

Koplo alinunua mjini gramafoni iliyokwisha tumika, akaiweka juu ya kabati la vyombo katikati ya vipaza sauti viwili. Siku ya kwanza sindano iliruka. Akafanya kama alivyowaona wakubwa wake wakifanya zamani: akaweka sarafu juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni, kisha sarafu ya pili. Sindano ikatulia. Kwa muda wa mwezi mzima nyumba ile haikukosa muziki jioni, hata mama mzee alipofika kutoka Koboko kumwona mjukuu. Akasikiliza upande mmoja wa santuri hadi mwisho, halafu akauliza:

“Mwanangu, mbona huyu anaimba kama mtu mwenye mafua?”

“Mama, santuri zimezeeka.”

“Sikukuu ya Idi tulizipiga kwa jirani kule Koboko. Hakuwa na mafua.”

Mama hakukosea. Ukuta wa mfereji wa santuri ndio wimbo wenyewe. Umechongwa kwa mawimbi membamba kuliko unywele, na sindano ikipita humo hutikiswa nayo. Mtikiso huo hugeuzwa kuwa umeme mdogo sana ndani ya kichwa cha mkono, na amplifaya huukuza. Ncha nzuri ni ya mviringo na laini. Ikitumika mno, pande zake mbili husagika zikawa bapa zenye makali, na tangu hapo haipiti tena katika mfereji bali huuranda kama tindo. Sauti nyembamba za juu ndizo zinazokufa kwanza. Herufi s katika kinywa cha mwimbaji huwa mkwaruzo, matoazi hulia kama bati, na gitaa linaloongoza hupoteza ung’avu wake. Mama mzee aliita mafua, na neno hilo latosha.

Sindano ya yakuti, iliyofungwa katika gramafoni nyingi za bei nafuu, hudumu kwa kadiri ya saa 50 tu za kupiga. Ya almasi hufika 500 na zaidi ikitunzwa. Anayepiga santuri saa moja kila jioni amekwisha maliza sindano yake ya yakuti kabla ya miezi miwili kutimia. Kwa hiyo mtu anayenunua gramafoni iliyotumika na ahesabu kwamba sindano yake imekwisha, hata kama muuzaji ataapa, na atenge fedha ya sindano mpya siku ile ile anapotenga fedha ya chombo. Wakati wa kuitafuta sindano, jina la gramafoni halisaidii sana. Kinachotakiwa ni namba iliyoandikwa juu ya kichwa cha mkono au ubavuni mwake. Isiposomeka, kichwa chenyewe kichomolewe kwa uangalifu na kupelekwa dukani, au kipigwe picha ya simu na kutumwa kwa ndugu aliye Kampala au Nairobi. Sindano na vichwa vipya bado vinatengenezwa, kwa mfano na Audio-Technica ya Japani na Ortofon ya Denmark.

Katika nyumba ya koplo, aliyegundua kosa alikuwa konstebo wa polisi, fundi wa redio za mawasiliano, aliyekuwa amepita kusalimia. Alitazama zile sarafu mbili juu ya mkono akasema, “Afande, toa fedha hizi. Unamlipa nani?”

Yafaa jambo hili la uzito lielezwe kwa kirefu, maana ndilo linaloharibu santuri nyingi kuliko vumbi na panya kwa pamoja. Vichwa vya sumaku vya siku hizi huhitaji kuilemea santuri kwa gramu 1.5 hadi 2.5. Vichwa vya seramiki, vilivyo katika gramafoni za mkoba na nyingi za zamani, huhitaji kadiri ya gramu 4 hadi 6. Sarafu mbili zaweza kuuzidisha uzito huo mara kadhaa, na uzito wote huo hukaa juu ya ncha isiyoonekana kwa macho. Lakini kupunguza mno nako si dawa. Sindano nyepesi kupita kiasi huchezacheza ndani ya mfereji, ikazipiga kuta zake huku na huku, na hiyo nayo ni hasara.

Mizani ya kazi hii huuzwa, lakini nyumba yenye rula, penseli, kifuniko cha plastiki cha chupa ya soda na sirinji ya zahanati haina haja ya kuinunua. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Rula ilazwe juu ya penseli kama bembea ya watoto, karibu na gramafoni, na iinuliwe kwa vitabu hadi iwe sawa na kimo cha santuri. Kifuniko kikitupu kiwekwe upande mmoja, na kipande kidogo cha sabuni upande wa pili, mpaka rula ikae sawasawa. Halafu sirinji itie katika kifuniko maji ya kiasi kinachotakiwa, tuseme mililita 2, na sindano iteremshwe polepole upande wa pili, kwa umbali ule ule kutoka kwenye penseli. Rula ikilala upande wa sindano, mkono ni mzito. Ikilala upande wa maji, mkono ni mwepesi. Uzito ulio nyuma ya mkono husogezwa mbele au nyuma kidogo kidogo hadi pande mbili ziwiane. Katika gramafoni zenye springi, fundi ndiye airekebishe. Kazi yote hii hufanywa chombo kikiwa kimezimwa. Konstebo alipopima mkono wa koplo pamoja na sarafu zake, maji yote yaliyoingia katika kifuniko hayakutosha kuuinua.

Basi kwa nini sindano iliruka tangu mwanzo? Sababu zilikuwa mbili, na hakuna iliyohitaji sarafu. Kwanza, kabati lilikuwa limeinama. Kipande cha kioo kiliwekwa juu ya sahani inayozunguka, na gololi ya mtoto juu ya kioo. Gololi ikakimbia moja kwa moja kuelekea mlangoni. Vipande vya katoni chini ya miguu miwili ya gramafoni vilimaliza tatizo hilo. Pili, ncha ya sindano ilikuwa imevaa kofia ya uchafu. Uchafu huo huondolewa kwa brashi ndogo laini, kutoka nyuma kuja mbele, na kamwe si kwa kidole wala kutoka ubavuni.

Vumbi ni adui mwenyeji. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kiangazi cha West Nile, udongo mwekundu huingia hata katika sanduku lililofungwa, na katika mfereji wa santuri hufanya kazi ya msasa. Santuri za vinili, yaani hizi za mizunguko 33 na 45, zaweza kuoshwa bila hofu. Matone machache ya sabuni ya vyombo katika nusu lita ya maji ya vuguvugu yatosha. Kitambaa laini cha pamba kifuate mzunguko wa mifereji, kisiikate. Karatasi ya katikati isiloweshwe. Usuuzaji wa mwisho ufanywe kwa maji safi ya mvua yaliyochujwa, au kwa yale maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari, kwa sababu maji ya kisima huacha chokaa. Hapa pana tahadhari kubwa: mahali panapouzwa maji ya betri huuzwa pia asidi ya betri, tena pengine katika chupa za namna moja. Mtu asome kibandiko, na chupa ikikosa kibandiko aiache. Santuri ikaushwe ndani ya nyumba ikiwa imesimama, mbali na jua. Kichanja cha vyombo cha uani chafaa kwa sufuria lakini si kwa kazi hii. Ile ya zamani ya mizunguko 78 imetengenezwa kwa shelaki na huvunjika kama kigae. Ipanguswe tu kwa kitambaa chenye unyevu na kukaushwa mara moja, na isiguswe kabisa na spiriti, maana spiriti huiyeyusha.

Zikiisha kukauka, zisimamishwe kama vitabu rafuni, kila moja katika mfuko wake. Santuri zilizorundikwa moja juu ya nyingine hupinda, na zilizoachwa ndani ya gari lililofungwa juani, kwa mwendo wa Arua hadi Koboko tu, zaweza kufika zikiwa kama chapati.

Baada ya sindano na usafi huja umeme, na juu ya jambo hili watu wa Arua na Koboko wamejifunza kwa taabu. Kwa miaka mingi mkoa wa West Nile ulikuwa mbali na njia kuu ya umeme ya taifa. Mji ulitegemea jenereta kwa saa kadhaa za siku, na mwaka 2012 kikaongezeka kituo kidogo cha maji cha Nyagak, cha megawati 3.5. Hadi leo jenereta ndogo za petroli zingali nyuma ya nyumba na maduka mengi. Sasa, gramafoni nyingi za zamani zina mota inayofuata mizunguko ya umeme. Umeme wa Uganda ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na jenereta ndogo huutoa sawasawa injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Jirani akichomeka pasi, injini hulemewa na kupunguza mwendo. Umeme ukishuka kutoka mizunguko 50 hadi 47, wimbo wote hushuka kadiri ya nusu sauti. Mwimbaji aliyeanza kijana humaliza mzee. Vivyo hivyo gramafoni iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa Marekani, wenye mizunguko 60, itazunguka polepole hapa hata ikipewa chombo cha kupunguza volti, kwa kuwa chombo hicho hakibadili mizunguko.

Kuupima mwendo ni kazi ya watoto, nao huipenda. Kipande kidogo cha karatasi kibandikwe ukingoni mwa sahani inayozunguka, na mtu mmoja atazame saa. Mwendo wa 33 ni mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, yaani mizunguko 100 kamili kwa dakika 3. Mwendo wa 45 ni mizunguko 90 kwa dakika 2. Ikiwa umeme ni mzuri na hesabu bado haifiki, mkanda wa mpira umelegea, au mafuta ya mhimili yamekauka. Ikiwa hesabu hubadilika kila mara, kosa ni la umeme. Nyumba ya namna hiyo hupata raha zaidi kwa gramafoni ya mota ya betri. Wenye umeme wa jua nao wajue kwamba inveta za bei ndogo hutoa umeme uliokatwakatwa, unaoifanya mota kunguruma na vipaza sauti kuvuma.

Mvumo mwingine, ule mzito usiokoma hata santuri ikiondolewa, mara nyingi hutokana na waya mwembamba wa ardhi uliochomoka kati ya gramafoni na amplifaya. Urudishwe mahali pake. Zaidi ya hapo, kifuniko cha amplifaya kisifunguliwe na mtu asiye fundi, hata kama plagi imechomolewa, kwa sababu baadhi ya vifaa vya ndani huhifadhi umeme baada ya kuzimwa, na amplifaya za zamani za valvu ni hatari zaidi.

Vipaza sauti sasa vyaweza kupewa nafasi yao, nayo si ndefu. Koplo alikuwa ameviweka juu ya kabati moja na gramafoni. Vilipolia, kabati lilitikisika; sindano ikauokota mtikiso huo na kuurudisha kwenye vipaza sauti, na ndiyo sababu sauti ya chini ilikuwa kama ngurumo ya lori. Viliteremshwa, vikawekwa juu ya viti viwili, kwa kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, hatua moja kutoka ukutani. Gramafoni ilibaki peke yake juu ya ubao mzito, na chini ya ubao ukawekwa mpira wa ndani wa baiskeli uliotiwa upepo kidogo. Tangu hapo watoto waliweza kucheza dansi bila sindano kuruka. Nyaya nazo zilikuwa zimepishana upande mmoja, hata kipaza sauti kimoja kikivuta ndani kingine kilisukuma nje, na besi ikapotea kati yao. Asiye na rangi za kumwongoza aguse nyaya za kipaza sauti, kwa nukta moja tu, kwa betri moja ya tochi ya volti 1.5: ngozi ya kipaza sauti ikisogea mbele, waya ulioguswa na upande wa kujumlisha ndio wa kujumlisha. Hakuna kipaza sauti kipya kilichonunuliwa. Fedha aliyoiweka akiba ilinunua sindano ya almasi, na nyingine ikarudi kwa mama watoto kwa ajili ya karo.

Mama mzee alialikwa tena Arua mwisho wa mwezi. Ilipigwa kwanza santuri ambayo haikuwa imepata kuguswa na zile sarafu, ya Franco na T.P.O.K. Jazz. Alitikisa kichwa taratibu, akasema magitaa yamerudi mahali pake. Ikapigwa ya Super Mazembe, nayo ikatoka safi. Kisha akaomba ile ya siku ya kwanza, ambayo marehemu mumewe alikuwa akiipiga kila aliporudi likizo. Sindano ilikuwa mpya, uzito ulikuwa sawa, mfereji ulikuwa umeoshwa; lakini mkwaruzo ulikuwa pale pale, katika kila s. Ilikuwa imepigwa labda mara thelathini chini ya sarafu.

“Huyu mafua yamemkaa,” alisema.

“Nisamehe, Mama. Nitamtafuta mwingine mjini.”

Santuri ya namna hiyo haipatikani kwa urahisi. Kaseti zilipolichukua soko katika miaka ya 1980, ushindiliaji wa santuri Nairobi ulififia, na zilizobaki zimo katika masanduku kama hili. Zilikaguliwa zote siku ile ile. Tatu zilionekana kuharibika, na zikaandikwa nyuma ya mfuko kwa kalamu ya risasi ili zipigwe kwa nadra. Nyingine kadhaa zilinakiliwa katika simu ya binti wa koplo, kwa waya kutoka kwenye amplifaya, jambo ambalo kila nyumba yenye santuri za wazee yafaa ilifanye sindano ingali mpya.

Ilibaki ile nzito ya mizunguko 78, yenye lebo ya Ngoma, kampuni iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1948, mji ambao sasa ni Kinshasa. Santuri za shelaki kama hiyo ndizo zilizoibeba sauti ya Siti binti Saad baada ya safari yake ya Bombay mwaka 1928. Mfereji wake ni mpana, nao hutaka sindano yenye ncha ya kadiri ya milimita 0.076, ilhali sindano ya santuri za vinili ni ya milimita 0.018 tu, hii ndogo ikiwekwa humo huzama hadi chini ya mfereji, ikakwaruza sakafu na kuokota kelele tupu. Vilevile sindano pana haiingii katika mfereji mwembamba, bali huukanyaga kingo. Kichwa cha gramafoni ya koplo hukubali sindano zote mbili kwa kubadilishana, lakini hiyo pana haijapatikana Arua, na imeagizwa kutoka Nairobi. Mtoto alitaka wajaribu hivyo hivyo, mara moja tu. Mama mzee aliichukua santuri mikononi mwake, akairudisha katika mfuko, na jioni ile akapanda gari la Koboko nayo mapajani, ikiwa imefungwa kwa kitenge.